Ukirudi kwenye msumeno wa nakshi, kazi uliyoiacha nusu isubiri kwanza

Swali huja kwa sura nyingi lakini ni lilelile. "Zamani nilikuwa nakata nakshi za mbao, nikaacha. Mashine ipo stoo imefunikwa turubai. Nianzie wapi?" Mmoja aliacha alipohamishwa kikazi, mwingine alipojifungua mapacha, mwingine alipanga nyumba ambayo jirani hakutaka kusikia mlio wa mota baada ya magharibi. Sasa nafasi imepatikana, mikono imeanza kuwasha, na wote wanataka kurudi.

Nawajibu kwa sababu nami nilirudi, baada ya miaka tisa, na nilirudi vibaya.

Tuelewane kwanza tunazungumzia nini. Msumeno wa nakshi, ambao wengine huuita skrolisoo, ni ile mashine ya mezani yenye bledi nyembamba inayopanda na kushuka katikati ya meza. Bledi inabaki mahali pake, mbao ndiyo unayoizungusha. Usiuchanganye na jigsoo ya kushika mkononi, wala na patasi za wachonga milango. Hapa nakshi inatobolewa upande hadi upande, mwanga unapita. Ukitaka kuona utobozi wa mbao ulivyoweza kufika mbali, simama Barabara ya Mizingani, Unguja, mbele ya Zahanati ya Kale, jengo ambalo tajiri Tharia Topan aliliwekea jiwe la msingi mwaka 1887 na likakamilika 1894, yeye akiwa ameshafariki. Tazama roshani zake na zile mbao zinazoning'inia kwenye kingo kama lesi ya shuka ya arusi. Halafu rudi nyumbani ukate duara.

Kosa langu, ulisome kabla hujalifanya lako

Siku niliyoacha, mezani palikuwa na marfaa ya kusomea Msahafu, ubao mmoja wa mninga uliopasuliwa kukunjika wenyewe bila bawaba ya chuma. Nakshi ya bawa la kulia ilikuwa imekwisha. Bawa la kushoto lilikuwa na karatasi ya mchoro tu, imebandikwa na imeanza kuwa ya manjano.

Nilipofungua stoo, nilifanya anachofanya kila mtu. Nikapuliza vumbi, nikatia bledi iliyokuwa kwenye kopo la maziwa, nikawasha, nikaendelea pale nilipoishia. Dakika kumi za mwanzo mikono ilikumbuka kila kitu, nikajisifu. Kisha nikafika kwenye shingo ya jani, mahali ambapo mbao imebaki upana wa njiti ya kiberiti. Bledi ilikuwa na kutu na butu, nami nilikuwa nasukuma kwa kasi ile niliyoizoea nilipokuwa nakata kila siku. Ubao ukarukaruka, ukagonga meza mara mbili, shingo ikavunjika kwa mlio mdogo sana. Kipande kikaanguka chini ya mashine, nikakitafuta kwa tochi nusu saa.

Ugumu wa kurudi uko hapo. Anayeanza upya anajua hajui, kwa hiyo huenda polepole. Sisi tunaorudi mikono inakumbuka kasi, lakini macho hayafuati mstari kama zamani na mashine imelala. Kwa hiyo utaratibu wangu ni huu: mashine, mwili, ubao wa kutupa, kitu kidogo kinachokamilika, na mwisho kabisa ile kazi ya zamani.

Iamshe mashine kabla hujaiwasha

Chomoa waya kwenye soketi. Sisemi zima swichi, nasema chomoa. Kisha:

- Zungusha mota kwa mkono, au sukuma mkono wa juu wa mashine juu na chini mara kadhaa. Kama kuna mahali pazito au panapokwaruza, usiwashe mpaka ujue ni nini. Stoo ya Pwani ni nyumba ya manyigu, na udongo wa manyigu nimeukuta ndani ya mota.
- Kagua waya mzima kwa vidole, kuanzia plagi. Panya hupenda sehemu inayoingilia kwenye mashine.
- Tia tone la mafuta ya cherehani kwenye maungio ya mikono. Tone, si kikombe. Mafuta yakizidi hunyonya unga wa mbao na kugeuka uji.
- Meza ikiwa na kutu, isugue kwa msasa laini wa namba 320 kwa mwelekeo mmoja, ifute, kisha ipake nta. Mshumaa wa kawaida unatosha: sugua, futa kwa kitambaa kikavu mpaka ubao uteleze kama juu ya sabuni.
- Kaza kila skrubu na nati, hasa za kubana bledi. Vibanio vyenyewe visafishe kwa msasa, maana mafuta na kutu ndiyo sababu bledi huchomoka katikati ya kazi.
- Ifunge mashine kwenye meza nzito kwa boliti. Mtetemo unaouona kwenye glasi ya maji iliyo juu ya meza ndio utakaouona kwenye mistari yako.

Kisha pima kama meza iko sawa na bledi. Njia yangu haihitaji kipimo chochote. Chukua kipande cha mbao kinene cha sentimita 4, ingiza msumeno milimita 3 tu, zima. Sasa zungusha kipande hicho ukipeleke nyuma ya bledi, ule mkato uitazame bledi kwa nyuma. Bledi ikiingia kwenye mkato bila kugusa juu wala chini, meza imenyooka. Ikigusa, legeza meza, isogeze kidogo sana, rudia. Watu hupuuza hatua hii halafu hushangaa kwa nini kipande kinatoka upande wa juu na kukataa upande wa chini.

Mashine ya mtumba na umeme wake

Nimeipa sehemu hii kichwa chake kwa sababu imeunguza mota za watu. Mashine nyingi nzuri zinazouzwa kwetu zimetumika Japani au Marekani. Japani umeme wao ni volti 100, Marekani 120. Sisi Tanzania ni 230, Kenya 240. Ukichomeka moja kwa moja, utasikia mlio mkali wa sekunde mbili, kisha harufu.

Soma kibati kilicho nyuma ya mota kabla ya kununua. Kama kimeandikwa 100 au 120, hesabu na bei ya transfoma ya kushusha volti, na uchague yenye wati angalau mara mbili ya zile za kwenye kibati, kwa kuwa mota huvuta zaidi inapoanza. Muuzaji akikuambia "hii inakubali yote," mwombe aiwashe mbele yako. Mmoja aliniambia hivyo, nikamwomba, akakumbuka ana mgeni.

Uliza pia kuhusu bledi. Zipo mashine zinazokubali tu bledi zenye kipini mwishoni, na hizo zinahitaji tundu la karibu milimita 5 ili kipini kipite. Nakshi ndogo haiwezekani kwa tundu hilo. Tafuta inayobana bledi kavu isiyo na kipini. Yenye kukubali zote mbili ni bora zaidi.

Bledi: hapa ndipo fedha iende

Kama una shilingi za kununulia kitu kimoja tu, nunua bledi mpya na kutupa zile za kopo. Mwulize fundi yeyote kwa nini kazi yake imeharibika, atataja mbao. Chunguza, utakuta bledi.

Bledi za kawaida zina urefu wa inchi 5, na ukubwa wake huenda kwa namba. Zenye namba ndogo ni nyembamba, zenye namba kubwa ni pana na nene. Namba 5 ina upana wa milimita moja hivi na unene usiofika nusu milimita, na kwa anayerudi ndiyo ya kuanzia.

- Namba 2 au 3: plaiwudi nyembamba, herufi ndogo, kona kali.
- Namba 5: karibu kila kitu cha kawaida, hadi mbao ya robo tatu inchi.
- Namba 7 hadi 9: mbao ngumu na nene, mistari mirefu.
- Bledi ya kusokota, inayokata pande zote: wengi huipenda kwa kuwa huhitaji kuzungusha ubao. Mimi siipendi. Inaacha njia pana yenye manyoya, na inakufundisha uvivu wa mkono. Iache mpaka uwe na ubao mkubwa usiozunguka kwenye mashine.

Ukiweza kupata zile zenye meno machache ya chini yanayoelekea juu, zichukue. Hupunguza mbao kuchanika upande wa chini, na kwenye plaiwudi utazishukuru. Zilizobaki, meno yote yatazame chini. Usicheke, kila mtu ameshawahi kuifunga kichwa chini. Pitisha kidole taratibu kutoka juu kwenda chini: kikiteleza ni sawa, kikikwama umeigeuza.

Bledi za sonara nazo huingia kwenye mashine nyingi kwa kuwa urefu unakaribiana. Nimezitumia siku ya shida. Lakini meno yake yametengenezwa kwa ajili ya madini, ni madogo mno, yanajaa unga wa mbao na kuanza kuchoma.

Kukaza ndiko kunakowashinda wengi. Ikaze, halafu idonoe kwa ukucha kama unavyodonoa uzi mwembamba wa udi. Ikitoa sauti ya juu na safi, inatosha. Ikitoa mlio mzito wa kuguna, bado. Kisha isukume upande kwa kidole: isisogee zaidi ya milimita 3. Bledi iliyolegea hukata tumbo la samaki, yaani juu mstari uko sawa na katikati ya unene umevimba.

Na ibadilishe mapema. Kwenye mbao ngumu dakika 20 za kukata mfululizo ni umri mzuri kwa bledi. Dalili ni kwamba umeanza kusukuma. Ukijikuta unasukuma, zima.

Kwa nini haifuati mstari hata ikiwa mpya

Msomaji mmoja aliniandikia kwamba mashine yake "ina pepo," kila ukinyoosha inavuta upande mmoja. Hakuna pepo. Bledi nyingi, kwa jinsi zinavyotengenezwa kiwandani, hubaki na ukali zaidi ubavu mmoja, nao ndio unaovuta. Suluhisho ni kuulekeza ubao kwa mshazari mdogo kinyume na mvuto, nyuzi chache tu, na kuusukuma hivyo hivyo. Ukiutazama ubao itaonekana kama unakata kombo, lakini mstari utanyooka. Ulikuwa unafanya hivi zamani bila kujua, mkono utakumbuka baada ya bledi mbili tatu.

Mwili wako umebadilika

Nilipoacha nilikuwa na miaka 42, niliporudi nilikuwa na 51, na kati ya hapo macho yalikuwa yamehama bila kuniaga. Wiki nzima nililaumu mashine. Kisha nikavaa miwani ya kusomea na mstari ukarudi.

Miwani ya kusomea huona karibu sana, kwa hiyo pima umbali kati ya jicho lako na bledi ukiwa umekaa, mwambie mtaalamu wa macho umbali huo, akupe ya kufaa. Taa iwe upande wa kushoto na nyingine kulia, ili bledi isijitilie kivuli juu ya mstari. Kaa kwenye kiti ambacho viwiko viko juu kidogo ya meza, mabega yameshuka. Kila dakika 20 simama, fungua na kufumba vidole. Ganzi kwenye vidole ni mtetemo unakuambia unaubana ubao kupita kiasi.

Vua pete. Funga mikono ya kanzu au shati, na kina mama ncha ya leso isining'inie mbele ya mashine. Vidole vikae pembeni mwa bledi, si mbele yake. Na bledi ikikatika, kipande cha juu huendelea kudunga kama sindano ya cherehani. Ondoa mikono kwanza, zima, kisha ndipo utazame hasara.

Vumbi

Hapa sitanii. Shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, IARC, limeweka vumbi la mbao katika kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu, hasa ya pua na matundu yake. Msumeno wa nakshi hutoa unga laini kuliko randa, na pua yako iko sentimita 30 juu yake. Mvule huwasha macho, pua na ngozi za watu wengi. Mimi baada ya jioni moja ya mvule bila barakoa niliamka kope zimefumba kama nimeumwa na nyuki. Mpingo na mninga nazo zina watu wake. MDF ina vumbi laini mno na gundi ndani yake.

Vaa barakoa ya vumbi inayobana pembeni, siyo kitambaa. Fanya kazi barazani au dirishani, feni ikitoa hewa nje badala ya kukupulizia usoni. Usifagie pakavu, nyunyiza maji kwanza. Mwenye pumu au mwenye mtoto mchanga nyumbani asikatie ndani kabisa.

Ubao wa kuanzia

- Plaiwudi ya milimita 6: rahisi, haina uzi wa kukupotosha. Gundi yake inamaliza bledi haraka, kwa hiyo usishangae.
- Mkangazi: rafiki wa anayerudi. Laini kiasi, inakatika sawasawa, rangi nzuri.
- Mfenesi: mbao ya wachonga milango wa Pwani, tamu kukata ikikauka vizuri.
- Paini: watu huichagua kwa bei. Tahadhari, ina mistari migumu na milaini inayopishana, na bledi hukimbilia penye ulaini. Ukiweza kuitawala paini, nyingine zote utaziona nyepesi, lakini wiki ya kwanza itakuvunja moyo.
- Msaji: nzuri kwa nje, ila ina chembechembe kama za mchanga ndani, bledi zinakuwa butu upesi.
- Mpingo: bado. Ni mzito hadi unazama majini, na ni ghali. Hata kipande kidogo cha kuchonga heri kisubiri.

Omba makombo kwenye karakana za fanicha. Utapewa bure, au kwa bei ya soda, mbao ambazo zingeishia jikoni.

Jioni tatu kabla ya kazi yoyote

Chukua plaiwudi ya kutupa na kalamu. Jioni ya kwanza, mistari kumi iliyonyooka, sambamba, kila mmoja urefu wa kiganja. Kata katikati kabisa ya mstari, kisha chora mipya na ukate ukiuacha mstari upande wa kushoto, kisha upande wa kulia. Kujua unaukata wapi mstari ni nusu ya ufundi wote.

Jioni ya pili, konokono: mstari wa mzunguko unaoanzia nje na kujikunja hadi ndani. Nenda polepole mashine ikiwa ya kasi ya kati. Usisimame katikati ya mkunjo, maana kila unaposimama bledi huacha nundu.

Jioni ya tatu, kona. Fika kwenye ncha, acha kusukuma, rudisha ubao nyuma kiasi cha unywele ili mgongo wa bledi uguse mbao, kisha uzungushe ubao kwa wepesi ukiuegemeza mgongoni pale. Meno hayagusi chochote wakati wa kugeuka. Ukifanya hivi vizuri kona inatoka kali kama ya bahasha. Ukigeuza huku bado unasukuma mbele, utapata tundu la mviringo, na ndilo kosa linaloonekana kwenye nusu ya kazi ninazotumiwa picha.

Utaniuliza, ni lazima jioni zote tatu? Kama mistari ya jioni ya kwanza imetoka sawa, ruka ya pili. Ya tatu usiruke.

Kazi ya kwanza yenye jina

Chagua kitu kinachomalizika siku moja: kishika ufunguo, jina la mtoto la kuweka mlangoni, kitako cha kikombe chenye nyota. Kazi yenye matundu 12 inatosha, yenye matundu 140 utaikuta bado ipo Idi ya pili.

1. Funika ubao kwa tepu ya karatasi wanayotumia wapaka rangi wa magari. Karatasi ya mchoro ibandike juu ya tepu kwa gundi ya karatasi. Mwisho wa kazi unavua vyote pamoja bila kusugua.
2. Kama mbao ni ngumu, weka juu yake selotepu pana ya kufungia maboksi. Husaidia mbao isiungue.
3. Toboa matundu ya kupitishia bledi kwa keekee ya milimita 1.5 au 2, ukiweka ubao mwingine chini ili upande wa nyuma usichanike. Toboa karibu na kona, siyo katikati ya eneo, ili usipoteze safari.
4. Sugua matundu upande wa chini kwa msasa. Manyoya yakibaki, ubao hautakaa sawa mezani.
5. Kata matundu ya ndani kwanza, madogo kabla ya makubwa, kutoka katikati kwenda nje. Umbo la nje liwe la mwisho. Ukilianza, hutakuwa na mahali pa kushika, na penye wembamba patavunjika.
6. Vua karatasi, piga msasa kwa mkono, namba 180 kisha 240. Ndani ya nakshi tumia msasa uliokunjwa, au tupa ndogo ya sindano.
7. Vanishi ipake nyepesi mara mbili. Ikijaa kwenye matundu, ipulize kwa mrija wa soda.

Ukihitaji vipande viwili vinavyofanana, bana mbao mbili pamoja kwa tepu kwenye kingo na kata kwa mara moja. Kwa zile nakshi za ukingo zinazojirudia kama za roshani, utakata nne kwa mpigo ikiwa kila moja ni ya milimita 3.

Maswali ambayo najua yanakuja

"Mbao inaungua kingo." Bledi butu, au kasi kubwa mno, au unasimama kwenye kona. Anza na la kwanza.

"Bledi zinakatika kila dakika tano." Umeikaza kupita kiasi, au unaisukuma kwa ubavu unapogeuka. Zikikatika karibu na kibanio, kibanio kimepinda au kina kutu.

"Ubao unarukaruka." Mbao imejikunja, au mguu wa kubania uko juu sana, au huubani ubao kwa uzito wa kiganja. Ubao uliojikunja uweke mgongo ukitazama chini? Hapana, utayumba kama mtumbwi. Tafuta ulionyooka.

"Siku hizi leza inakata nakshi kwa dakika mbili, kwa nini nijisumbue?" Swali la haki. Ukitaka vitako 200 vya harusi vya plaiwudi nyembamba, mpelekee mwenye leza, usijitese. Lakini leza ndogo za mitaani huacha kingo nyeusi za moshi, na mninga wa inchi nzima haziuwezi. Na kama unaifanya kwa starehe, swali lenyewe ni sawa na kumwuliza mvuvi wa mshipi kwa nini hanunui samaki ferini.

"Sina mashine." Tumia msumeno wa upinde wa mkono, ule wenye fremu ndefu na bledi ileile. Funga mezani kiubao chenye mkato wa pembe tatu mbele, uweke kazi juu yake, ukate ukivuta chini. Ni polepole, hauna kelele, hata usiku jirani hatajua.

"Naweza kuuza?" Mwaka wa kwanza gawa. Atakayerudi kukuomba cha pili kwa fedha yake, huyo ndiye soko.

Sasa ile ya zamani

Miezi mitatu baada ya kuivunja ndipo nilipoirudia marfaa. Kama nawe unayo yako, fanya hivi. Kwanza iache wiki nzima ndani ya chumba utakachokatia, izoee hewa. Iweke juu ya kioo, uone kama imejikunja. Karatasi iliyokaa miaka haibanduki, ilainishe kwa kitambaa chenye tapentaini, ngoja dakika kumi, inyanyue kwa kisu cha siagi. Usiifuate michoro iliyofifia kwa kubahatisha, chora upya kwa kunakili upande uliokwisha kukatwa: weka karatasi juu yake, paka penseli kwa ubapa, nakshi itajitokeza yenyewe. Na palipovunjika gundisha kabla ya kuendelea kukata. Gundi nyeupe ya mbao, kiasi cha kichwa cha pini, klampu nyepesi, siku nzima usiiguse.

Kipande changu nilikuwa nimekitunza kwenye bahasha ya bili ya maji. Kilikaa mahali pake vizuri, isipokuwa mstari mwembamba ambao vanishi haikuuficha. Bawa la kulia lina mistari ya mtu wa miaka 42, la kushoto ya mtu wa 51 mwenye miwani, na mke wangu anasema haoni tofauti. Binti yangu ndiye anayeitumia. Yeye anapajua palipovunjika, maana kila anapoikunjua kidole chake cha shahada hupita pale.